Risasi Mlimani Hupita Juu: Hewa, Kimo na Wajibu wa Mwindaji

Mama aliyezoea kupika maharagwe kule Muanda, kando ya bahari, akihamia Bukavu hupatwa na mshangao. Maji yanachemka vizuri, mvuke unapanda, lakini maharagwe hayaivi. Kuni zinateketea, watoto wanangoja, na punje zingali ngumu. Jirani akimwambia kwamba maharagwe ya huku ni mabaya, anayasingizia maharagwe bure. Sababu yenyewe ni kimo cha nchi. Muanda maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Bukavu, penye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye digrii 95 tu, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza maji imepungua. Maji yanachemka, lakini hayana joto lile la pwani.

Basi hewa hiyo hiyo inayomchelewesha mama jikoni ndiyo inayoigeuza njia ya risasi. Mtu aliyeijaribu bunduki yake pwani, akaiona inapiga pale pale anapolenga, akiipeleka kwenye milima mirefu ataona risasi inapiga juu kuliko alivyozoea. Bunduki ni ile ile, baruti ni ile ile, jicho ni lile lile. Kilichobadilika ni kitu kisichoonekana.

Watakuwapo wasomaji watakaouliza: Jambo hili latuhusu nini, sisi tusio na bunduki? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwanafunzi anayetaka kujua jinsi viumbe vinavyotii sheria zake atapata hapa somo bora juu ya hewa, mwendo na uzito. Pili, risasi ikikosea njia hailetwi tena nyuma. Huenda ikamvunja mnyama taya au mguu, naye akafa polepole msituni kwa siku kadhaa. Tena huenda ikampata mtu asiyeonekana, anayekata kuni nyuma ya kilima. Kwa hiyo elimu hii ndogo ina uzito mkubwa.

Hewa ina uzito

Tunapoinua mkono hatuhisi kitu, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuamini kwamba hewa ina uzito. Lakini inao. Karibu na usawa wa bahari, hewa inayojaza sanduku lenye mita moja kila upande ina uzito wa kilo moja na robo hivi. Hewa iliyo juu huilalia hewa iliyo chini, kama magunia yaliyopangwa ghalani: gunia la chini kabisa hubanwa na yote yaliyo juu yake. Ndiyo maana hewa ya bondeni imebanwa, na ya mlimani imelegea.

Mwaka 1644 Mwitalia Torricelli alieleza jinsi uzito wa hewa unavyoweza kuisimamisha zebaki ndani ya bomba la kioo, kwa urefu wa sentimita 76 hivi. Mfaransa Blaise Pascal alipopata habari hiyo alifikiri hivi: ikiwa ni uzito wa hewa unaoishika zebaki, basi juu ya mlima, penye hewa kidogo juu yetu, zebaki lazima ishuke. Yeye alikuwa Paris, mahali pasipo na mlima. Akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, aliyekaa Clermont, chini ya mlima uitwao Puy de Dôme.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alikusanyika na mashahidi, mapadre na walei, katika bustani ya watawa Waminimi. Wakatengeneza mabomba mawili ya zebaki, wakaona yanalingana sawasawa. Bomba moja likaachwa bustanini, na mtawa mmoja akawekwa alitazame mchana kutwa. La pili Périer akapanda nalo mlimani, kimo cha kama mita elfu moja kupita ule mji. Kule kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya sentimita 8. Akarudia kipimo mara tano, ndani ya kikanisa kidogo na nje, penye upepo na penye ukungu. Jibu likawa lile lile. Waliporudi bustanini, mtawa yule akashuhudia kwamba zebaki yake haikusogea siku nzima. Hivyo shaka ikaondoka: ukipanda juu, hewa hupungua.

Leo hesabu yake yajulikana vizuri. Kwenye kimo cha mita 1,500, hewa iliyomo katika sanduku lile la mita moja ina uzito wa gramu 1,060 hivi. Kwenye mita 3,000 ni gramu 900 hivi, yaani robo nzima ya hewa ya pwani imepotea.

Adui wa risasi

Mwanafunzi na achukue karatasi mbili za daftari zilizo sawa. Moja aikunje iwe donge, nyingine aiache ilivyo. Aziachilie pamoja kutoka juu. Donge litaanguka upesi. Karatasi iliyo wazi itayumba na kuchelewa. Uzito wao ni mmoja. Tofauti ni hewa inayoizuia ile iliyo wazi.

Risasi nayo huzuiliwa hivyo hivyo, tena kwa nguvu isiyokadirika kwa macho. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionyesha jinsi kitu kilichorushwa kingekwenda pasipo hewa: mbele kwa mwendo usiopungua, na chini kwa mwendo unaoongezeka, hata njia yake ikawa kama upinde mzuri. Watu wengi wakadhani kwamba kwa risasi nzito na ndogo hewa si kitu cha kuhesabiwa. Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha mwaka 1742, aliwaonyesha kosa lao. Alipiga risasi kwenye ubao mzito ulioning'inizwa, akapima jinsi ubao ulivyosukumwa. Alipourudisha ubao nyuma zaidi, aliona kwamba risasi imepoteza sehemu kubwa ya mwendo wake njiani. Hewa iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa imeuchukua.

Tutwae mfano wa bunduki ya kuwindia inayojulikana sana, aina ya .30-06, iliyoanza Marekani mwaka 1906. Risasi yake moja ya kawaida ina gramu 11.7, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 823 kwa sekunde. Wakati huo hewa inaivuta nyuma kwa nguvu ipatayo mara 50 ya uzito wake yenyewe. Kama pasingekuwa na hewa, risasi hiyo ikielekezwa juu vizuri ingeanguka mbali kuliko kilomita 60. Kwa sababu ya hewa, risasi za bunduki hiyo hufika kilomita 3 hadi 5 hivi, kwa kadiri ya umbo lake. Hewa inamnyima mwindaji karibu masafa yote ambayo baruti ilimpa.

Sasa jibu la fumbo letu li karibu. Risasi yoyote huanza kuanguka mara tu itokapo mtutuni, kwa kuwa dunia huivuta. Kadiri inavyokaa njiani, ndivyo inavyoanguka zaidi. Pwani hewa nzito huipunguzia mwendo, hukawia njiani, nayo huanguka sana. Mlimani hewa haba huizuia kidogo, hufika mapema, nayo huanguka kidogo. Mwindaji aliyezoea kuanguka kwa pwani ataona risasi yake imepiga juu.

Mtu asidhani kwamba ni mvutano wa dunia uliolegea. Ni kweli kwamba mvutano hupungua tukipanda juu, lakini kwenye mita 3,000 upungufu wake haufiki sehemu moja katika elfu. Hewa imepungua kwa robo, mvutano haukupungua kwa kiasi cha kuonekana. Tena joto nalo lina neno. Hewa ya moto hutanuka na kuwa nyepesi, hewa ya baridi hujikusanya na kuwa nzito. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kali mlimani hurudisha sehemu ndogo ya kile ambacho kimo kimeondoa. Na unyevu je? Wengi husema hewa yenye unyevu ni nzito. Sivyo: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ijapokuwa tofauti hiyo ni ndogo mno na mwindaji anaweza kuiacha.

Hesabu za Colorado

Ili tusiseme kwa maneno matupu, twende Marekani, katika jimbo la Colorado. Hapo jambo hili huonekana kila mwaka. Colorado ndiyo nchi ya juu kuliko majimbo yote ya Marekani. Mji wake mkuu, Denver, uko kwenye kimo cha mita 1,609, na mlima wake mrefu kupita yote, Elbert, hufikia mita 4,401. Katika misitu yake ya juu hukaa wapiti, mnyama wa jamaa ya ayala, mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake lina uzito wa kilo 300 na zaidi. Wapiti wa Colorado ni wengi kuliko wa jimbo lolote jingine, na wakati wa majani kukauka wawindaji hufika kutoka mbali. Wengi hutoka nchi za chini, kama vile Houston, mji ulio karibu na bahari.

Tumfikirie mwindaji mmoja wa Houston mwenye bunduki tuliyoitaja. Nyumbani ameisawazisha ipige sawasawa kwenye mita 200. Maana yake ni hii: darubini ya kulengea inatazama mbele moja kwa moja, lakini mtutu umeinuliwa kidogo sana, hata risasi inapanda, inavuka mstari wa jicho, kisha inaushukia tena kwenye mita 200. Baada ya hapo yaendelea kushuka. Pwani, kwenye mita 300 risasi itakuwa imeshuka sentimita 27 hivi chini ya mahali palipolengwa. Kwenye mita 400, sentimita 79. Kwenye mita 500, sentimita 160.

Sasa apande naye hadi mita 3,000. Kwenye mita 200 tofauti ni sentimita moja tu. Kwenye mita 300 risasi inashuka sentimita 23 badala ya 27. Kwenye mita 400 inashuka 69 badala ya 79. Kwenye mita 500 inashuka 139 badala ya 160. Hesabu hizi ni za kukadiria, na kila aina ya risasi ina zake. Lakini mwanafunzi ataona neno kuu ndani yake. Tofauti ni 1, kisha 4, kisha 10, kisha 21. Umbali ukiongezeka mara mbili na nusu, kosa limeongezeka mara 21.

Hapo mwenye akili hupata hekima mbili. Ya kwanza: anayepiga karibu hana haja ya kuogopa kimo. Moyo na mapafu ya wapiti hujaza mahali penye upana wa sentimita 30 na zaidi. Sentimita moja haidhuru, wala nne. Ya pili: anayejivunia kupiga mbali, akitumia hesabu za pwani, anajidanganya. Na yule aliyeisawazisha bunduki yake mlimani, kisha akashuka kuwinda bondeni, atapata kinyume chake: risasi yake itapiga chini.

Upepo nao tusiusahau. Kwa kuwa hewa ya juu ni haba, upepo wa nguvu ile ile huisukuma risasi kando kidogo kuliko pwani. Lakini faida hiyo si ya kutegemewa sana, maana milimani upepo huwa mkali, tena hugeuka: penye bonde unavuma hivi, penye mgongo wa mlima unavuma vile.

Mteremko hudanganya kuliko hewa

Mlima una hila nyingine, na hila hiyo ni kubwa kuliko ya hewa haba. Mara nyingi mwindaji yuko juu na mnyama yuko chini, au kinyume chake. Watu husema: Ukipiga kwenda juu, risasi itachoka, basi lenga juu zaidi. Au husema: Ukipiga kwenda chini, risasi itaanguka upesi. Yote mawili ni makosa. Ukipiga kwenda juu au kwenda chini, risasi hupiga juu ya pale ulipozoea.

Sababu yake ni hii. Dunia huvuta kitu kuelekea chini, wima. Ikiwa risasi inakwenda mbele sambamba na ardhi, mvuto wote unaiondoa katika mstari wake. Ikiwa inapanda au inashuka mteremko, sehemu tu ya mvuto huo inaivuta nje ya mstari; sehemu nyingine inavuta kwa kuufuata mstari wenyewe. Kwa hiyo kinachohesabika ni umbali uliopimwa kama kwenye ramani, sambamba na ardhi, wala si urefu wa mteremko. Mnyama akiwa mita 300 kutoka kwako kwenye mteremko wa digrii 30, umbali wa kuhesabu ni mita 260 tu.

Katika mfano wetu, mteremko huo wa digrii 30 kwenye mita 300 huinua risasi kwa sentimita 10 hivi, na hali kimo cha mita 3,000 kiliiinua sentimita 4 tu. Kwenye mita 400, mteremko na hewa haba vikijumlishwa huipeleka risasi karibu sentimita 28 juu ya mahali ilipotazamiwa. Aliyelenga katikati ya kifua sasa atapiga mgongo, au risasi itakwaruza ngozi na kupita. Mnyama atakimbia akiwa na jeraha, na mwindaji atasema bunduki ina kasoro. Kumbe bunduki ilitii sheria zake, mwenyewe hakuzijua.

Pumzi ya mwindaji

Liko neno la tatu ambalo vitabu vya hesabu haviliandiki sana: mlima hubadilisha hata mtu. Yule anayetoka pwani, akipanda haraka hadi mita 3,000, hupumua hewa ambayo kila mkupuo wake una uhai mdogo kuliko aliouzoea. Moyo hupiga mbio, miguu hulegea, kichwa huuma. Akiinua bunduki mara baada ya kupanda, ncha ya mtutu hucheza kwa kila pigo la moyo. Kuyumba kidogo sana mkononi huwa sentimita nyingi kule mbali. Hapo sentimita nne za hewa haba ni mchezo, zikilinganishwa na sentimita zinazotoka katika kifua chake mwenyewe.

Macho nayo hudanganyika. Mlimani hewa ni safi, haina vumbi wala ukungu wa bondeni, na kitu kilicho mbali huonekana kama kiko karibu. Siku hizi vipo vyombo vidogo vya miale ya leza vinavyopima umbali mara moja, na vingine hupima hata mteremko na uzito wa hewa, kisha vikatoa jibu. Ni vyombo vyema. Lakini hakuna kinachoweza kumwambia mwenye nacho kwamba pumzi yake haijatulia, au kwamba haraka na tamaa vimemshika.

Risasi iliyopita shabaha

Tumesema juu ya mnyama. Sasa tuseme juu ya binadamu. Hewa haba inayoifanya risasi ishuke kidogo ndiyo inayoifanya ifike mbali. Risasi iliyokosa shabaha kule mlimani haipotei hapo. Hupita kijiji, shamba au njia iliyo ng'ambo ya bonde, nayo ingali na nguvu ya kuua.

Yafaa tukumbuke jinsi elimu hii ilivyotumiwa kwa ubaya. Katika vita vya kwanza vya dunia, tangu tarehe 23 Machi 1918, mzinga mmoja mkubwa wa Wajerumani uliupiga mji wa Paris kutoka umbali wa kilomita 120 hivi. Siri yake ilikuwa hewa haba. Kombora lilielekezwa juu sana, likafika kimo cha kilomita 40 hivi, mahali ambapo hewa karibu imekwisha, nalo likapita sehemu kubwa ya safari yake bila kizuizi. Wapigaji hawakuweza kuona wanampiga nani. Tarehe 29 Machi, Ijumaa Kuu, kombora moja liliangukia kanisa la Saint-Gervais wakati waamini walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hesabu za njia ya kombora zilikuwa sahihi. Lakini waliozifanya walituma kifo mahali wasipopaona.

Mwindaji si askari wa mzinga ule. Hata hivyo anayepiga risasi bila kujua kilicho nyuma ya mnyama naye hutuma kifo mahali asipopaona. Ndiyo sababu sheria za Colorado zinamlazimu mwindaji wa bunduki kuvaa vazi la rangi ya machungwa yenye kung'aa, au la waridi lenye kung'aa, aonekane kwa mbali. Na kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 lazima awe amepata mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua kibali. Huko kuzaliwa katika ukoo wa wawindaji hakutoshi. Lazima mtu afundishwe.

Tena sheria hizo zamtaka mwindaji ajitahidi kumfuata mnyama aliyemjeruhi, wala asiiache nyama inayofaa kuliwa ikaoza. Kwetu Kongo nako kuna sheria ya uwindaji, ya mwaka 1982, na katika hifadhi kama ile ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, uwindaji umekatazwa kabisa. Milima yetu mirefu yenye theluji, yaani Ruwenzori, imo katika hifadhi hiyo. Kwa hiyo msomaji asichukue mafundisho haya kuwa ruhusa.

Mambo ya kushika

Tuyakusanye basi yale mwindaji halali anayopaswa kufanya akienda nchi ya juu.

Kwanza, akifika, asiende msituni siku ile ile. Aweke karatasi kwenye umbali unaojulikana, apige risasi chache, aone zinapiga wapi. Hivyo atajua kazi ya hewa haba, na atajua pia kama darubini yake iligongwa ikasogea safarini. Kwani mgongano wa gari huweza kuleta kosa kubwa kuliko mlima wenyewe.

Pili, akaribie. Mita 200 zinasamehe makosa ambayo mita 400 hazisamehi. Ufundi wa mwindaji wa kale ulikuwa katika miguu yake: kunyatia, kuutazama upepo, kungoja. Bunduki yenye nguvu haikuufuta ufundi huo.

Tatu, penye mteremko apime umbali sambamba na ardhi, wala asiinue shabaha ati kwa sababu anapiga kwenda juu.

Nne, apumzike hata moyo utulie, aegemeze bunduki juu ya kitu imara. Mnyama akiondoka wakati huo, na aondoke. Kesho ipo.

Tano, atazame nyuma ya mnyama kabla ya kumtazama mnyama. Pasipokuwa na ardhi ya kuizuia risasi, asipige.

Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège aliyekufa mwaka 727, ndiye msimamizi wa wawindaji, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Hadithi ya kale husema kwamba alipokuwa akiwinda siku takatifu alimwona ayala mwenye msalaba unaong'aa kati ya pembe zake, akaishusha silaha yake. Wawindaji wengi wa Ulaya hulikumbuka jambo hilo kila mwaka kwa Misa, na kwao maana yake ni wazi: anayejua kupiga lazima ajue pia kuacha.

Watoto wa shule mnaosoma haya, msiwaze kwamba elimu ya hewa ni ya wenye bunduki tu. Yaliyoonekana katika bomba la zebaki mwaka 1648 yanaonekana pia katika sufuria ya maharagwe. Jioni, mama atakapouliza kwa nini maji yamechemka na chakula hakijaiva, mwelezeni, kisha mwongezeeni kuni.